Betri ya Kuchaji na Safari Yake Katika Bonde la Kilombero

Somo la historia kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

  

Leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za chombo kidogo ambacho kila mmoja wenu amewahi kukishika mkononi. Chombo hicho ni betri. Tena tutatazama hasa betri ya namna moja, yaani ile ambayo ikiisha nguvu haitupwi, bali hutiwa umeme tena. Kazi hiyo ya kuitia umeme huitwa kuchaji.

Huenda mmoja wenu akauliza, “Je, betri nayo ina historia?” Naam, inayo. Na historia hiyo imepita katika nyumba zetu, kutoka Kidatu hadi Ifakara, kutoka Ifakara hadi Mlimba, na kuvuka mto mpaka Lupiro na Mahenge.

Kabla hatujaanza, shikeni neno moja. Betri ya kuchaji ni kama ndoo. Ndoo haizai maji, huyachukua tu kutoka kisimani hadi nyumbani. Kadhalika betri ya kuchaji haizai umeme wake. Huupokea mahali pamoja na kuutoa mahali pengine. Kwa hiyo mtu mwenye ndoo nzuri bado ataona kiu ikiwa kisima ki mbali. Lishikeni neno hilo, maana tutalirudia.

BETRI YA KWANZA

Mwaka wa 1800 mtaalamu mmoja wa Italia, Alessandro Volta, aliwaeleza wenzake jinsi ya kupata umeme usiokatika upesi. Alichukua vipande vya zinki na vipande vya shaba au fedha, akavipanga kimoja juu ya kingine kama chapati. Kati yake aliweka vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Alipounganisha juu na chini kwa waya, umeme ulipita. Jina lake tunalitaja mpaka leo kila tunaposema “volti”.

Lakini madini yale yalipokwisha kuliwa na maji ya chumvi, umeme nao ulikoma. Ndipo mwaka wa 1859 Mfaransa, Gaston Planté, alipotengeneza betri ya namna nyingine. Alitumia mabamba ya risasi, yaani yale madini mazito ambayo watu huyatia katika nyavu ili zizame, akayatumbukiza katika asidi. Betri hiyo ilipoisha nguvu, aliweza kuupeleka umeme ndani yake kwa kinyume, na mabamba yakarudi karibu na hali yake ya kwanza. Hiyo ndiyo betri ya kwanza ya kuchaji. Betri kubwa ya gari tunayoijua leo ni mjukuu wake. Ina vyumba sita ndani, kila chumba hutoa volti 2, na jumla yake ni volti 12.

Mwaka wa 1886 Mjerumani, Carl Gassner, alitengeneza betri kavu, ambayo dawa yake haimwagiki. Hiyo ndiyo mama wa mawe ya tochi tunayonunua dukani. Na mwaka wa 1899 mtaalamu wa Sweden, Waldemar Jungner, akatengeneza betri ya kuchaji kwa madini ya nikeli na kadimiamu, nayo baadaye iliweza kufanywa ndogo kama jiwe la tochi.

Basi tunao ndugu wawili. Wa kwanza ni betri kavu, inayofanya kazi mara moja ikafa. Wa pili ni betri ya kuchaji, inayokufa na kufufuka mara nyingi.

(Hapa mwalimu asimamishe darasa kidogo. Kila mwanafunzi aandike maneno haya mawili: betri kavu, betri ya kuchaji.)

REDIO YAFIKA VIJIJINI

Redio za kwanza zilikuwa kubwa, na ndani yake mlikuwa na taa za kioo zilizokula umeme mwingi. Mtu asiye na umeme nyumbani hakuweza kuwa na redio kwa urahisi.

Mwaka wa 1949 katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo sasa Zambia, ilianza kuuzwa redio ya bei nafuu kwa wananchi wa kawaida. Umbo lake la mviringo lilikuwa kama sufuria, na watu wakaiita redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5. Lakini betri yake kavu iliuzwa mbali na redio, na ilipoisha ilibidi kununua nyingine. Hapo tayari tunaona jambo ambalo limewasumbua watu mpaka leo: redio hununuliwa mara moja, lakini betri hununuliwa siku zote.

Huku kwetu Tanganyika, kituo cha redio cha Dar es Salaam kilianza kazi mwaka wa 1951. Mwaka wa 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka wa 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Wakati huo redio ndogo za transista zilikuwa zimefika. Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka wa 1947, nayo ilitumia umeme kidogo sana kuliko zile taa za kioo. Mkulima wa mpunga aliweza kuibeba redio yake mpaka kwenye dungu la kulindia ndege, ikamsomea habari kwa mawe machache tu. Katika miaka hiyo ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, kikatengeneza betri kavu na redio hapa hapa nchini.

Mwaka wa 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na mwaka wa 1973 ikaja kampeni ambayo wazee wengi bado wanaikumbuka, iitwayo Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni 2 walishiriki.

Sasa fikirini. Kampeni kubwa namna hiyo, iliyopangwa na serikali, yenye waalimu na vitabu, katika kijiji kisicho na umeme ilitegemea nini ili sauti ya redio isikike? Ilitegemea mawe ya redio. Mawe yakilegea, sauti hufifia, na kikundi hubaki na kijitabu tu. Ndiyo sababu watu walijifunza kuyaanika mawe juani. Je, kuanika husaidia? Husaidia kidogo, kwa muda mfupi, kwa maana joto huharakisha kazi ya dawa iliyobaki ndani. Lakini hakuongezi umeme mpya. Ni kama kukung'uta gunia ili kupata punje za mwisho.

Na mawe yaliyokufa hayakutupwa yote. Katika shule nyingi unga mweusi wa ndani ulisagwa pamoja na majani mabichi, ukapakwa kwenye ubao ili chaki ionekane vizuri. Hivyo jiwe lililokwisha kuzungumza redioni liliendelea kufundisha darasani. Leo tunajua kwamba haifai watoto kushika dawa za betri kwa mikono, na desturi hiyo ni vema kuiacha.

INJINI KUBWA, BETRI NDOGO

Sasa tuigeukie betri ya kuchaji. Ilifikaje katika bonde letu? Mara nyingi ilikuja ndani ya gari.

Zamani gari liliwashwa kwa mkono. Dereva au utingo alichomeka chuma mbele ya gari akakizungusha kwa nguvu, na injini iliporudisha pigo, chuma kiliweza kumvunja mkono. Mwaka wa 1912 magari ya Cadillac huko Marekani yaliwekewa mota ya umeme ya kuwashia injini, kazi ya Charles Kettering. Mota hiyo ilipata umeme kutoka betri ya risasi, na injini ilipokwisha kuwaka iliirudishia betri umeme wake.

Angalieni ajabu ya jambo hili. Lori lenye nguvu za kubeba magunia mengi ya mpunga haliwezi hata kuanza safari bila kisanduku kile kidogo. Hata reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka wa 1970 na 1975, inayopita Ifakara na Mlimba, huvutwa na injini za dizeli zinazowashwa kwa betri. Nguvu ni ya mafuta, lakini mwanzo ni wa betri.

Upo mfano mwingine, nao unatoka kwenye michezo. Watoto wetu hutengeneza magari ya waya na kuyaongoza kwa fimbo ndefu. Katika nchi za Japani, Marekani na Ulaya wapo watu wazima wanaoshindanisha magari madogo yasiyo na fimbo wala kamba. Huyaongoza kwa mawimbi ya redio. Mengine yana injini ndogo ya kweli, inayokunywa mafuta ya methanoli yaliyochanganywa na nitromethani na oili. Hunguruma kama pikipiki.

Je, gari kama hilo linahitaji betri? Linahitaji sana. Injini hulisukuma, lakini haina masikio. Ndani ya gari mna redio ndogo ya kupokea amri, na mota ndogo mbili. Moja hugeuza magurudumu, ya pili hupunguza au kuongeza mwendo na kukaza breki. Vyote hivyo hula umeme wa betri. Betri ikifa wakati injini inanguruma, gari halisikii tena. Haligeuki, halisimami, nalo laweza kumgonga mtu. Kwa hiyo wengine huliwekea kifaa cha kulizuia mwendo mara betri inapolegea.

Wenye magari hayo hupenda betri za kuchaji, na sababu yake inatufaa sisi pia. Jiwe moja jipya la betri kavu lina volti 1.5, na jiwe la kuchaji la nikeli lina volti 1.2 tu. Mawe manne makavu hufanya volti 6, na manne ya kuchaji hufanya volti 4.8. Ukitazama hesabu hiyo peke yake utasema betri kavu inashinda. Lakini zile mota ndogo hudai umeme mwingi kwa ghafula. Betri kavu ya kawaida ikidaiwa hivyo hulegea, na volti zake hushuka. Ile ya nikeli hutoa bila kulegea sana. Ndiyo maana wengine hufunga mawe matano ya kuchaji pamoja, wakapata zile volti 6 kamili.

Betri kavu ni kama mzee anayetembea mwendo mrefu na mzigo mwepesi. Betri ya kuchaji ni kama mpagazi awezaye kunyanyua gunia mara moja. Kila mmoja ana kazi yake. Kwa saa ya ukutani, betri kavu inafaa kabisa. Kwa kitu kinachokula umeme mwingi kila siku, betri kavu itakumalizia fedha.

MTEGO WA MBU

Ifakara yenyewe inao mfano mzuri sana wa betri ya kuchaji. Mwaka wa 1957 maabara ya Waswisi ilianzishwa hapa ili kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Kazi hiyo iliendelea na kukua, na leo inafanywa na Taasisi ya Afya Ifakara, taasisi ya Watanzania inayojulikana duniani kwa uchunguzi wa malaria.

Ili kujua ni mbu wangapi wanaingia nyumbani usiku, wataalamu hutumia mtego wa taa. Mtego wa namna hiyo ulielezwa na wataalamu wawili wa Marekani, Sudia na Chamberlain, mwaka wa 1962. Una taa ndogo, feni ndogo, na mfuko wa chandarua. Huning'inizwa karibu na kitanda ambacho mtu amelala ndani ya chandarua. Mbu humfuata mtu, huiona taa, na feni huwavuta mfukoni. Katika vijiji vya bonde hili, kama Namawala, mitego hiyo imetumika sana tangu zamani.

Taa na feni vinapata wapi umeme katika nyumba isiyo na waya? Vinapata katika betri ya kuchaji ya volti 6. Usiku betri hufanya kazi, mchana hurudishwa kuchajiwa. Ikiisha nguvu saa nane za usiku, feni husimama, na mbu waweza kutoka mfukoni. Asubuhi mhesabuji atakuta mbu wachache, naye atadhani nyumba hiyo ni salama, kumbe sivyo. Mnaona, ndugu? Betri ambayo haikujazwa vema yaweza kusema uongo, na uongo huo ni juu ya ugonjwa unaoua watoto wetu.

KISIMA KI KARIBU, NDOO I TUPU

Sasa turudi kwenye lile neno la ndoo na kisima.

Mwaka wa 1975 kituo cha umeme cha Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, kilianza kazi. Baada ya kukuzwa kiliweza kutoa megawati 204. Mwaka wa 2000 kikazinduliwa kituo cha Kihansi, upande wa juu wa bonde, chenye megawati 180. Kwa hiyo bonde letu limezungukwa na maji yazaayo umeme, na kwa miaka mingi umeme huo umewasha taa za miji ya mbali hata Dar es Salaam.

Lakini waya mkubwa upitao juu ya shamba haumpi mwenye shamba taa. Umeme wake ni mkali mno, na lazima kwanza upozwe katika kituo, kisha upelekwe nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo inataka fedha nyingi. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka wa 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini ukaundwa ili kuiharakisha kazi hiyo. Kabla ya hapo, vijiji vingi vya Tanzania viliishi hivi: umeme unapita angani, na mtu anafunga betri ya gari nyuma ya baiskeli, anaipeleka mahali penye jenereta ili ichajiwe, anaiacha, anarudi kesho yake kuichukua. Betri hiyo ilikuwa nzito, na njia ya masika ilikuwa ya matope. Mtu wa ng'ambo ya Mto Kilombero alitegemea kivuko, mpaka daraja la mita 384 lilipofunguliwa mwaka wa 2018.

Watu hao hawakuwa wajinga wala wavivu. Ndoo walikuwa nayo, na kuitumia waliijua. Kisima ndicho kilichokuwa mbali.

Sasa kisima kimeanza kusogea. Mabamba ya sola juu ya nyasi au juu ya bati hupokea jua na kuichaji betri hapo hapo nyumbani. Betri nazo zimebadilika. Mwaka wa 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi sana, na jamaa zake ndizo zilizomo katika simu zetu na katika taa nyingi za sola. Lakini jua halizai umeme usiku, na siku za mawingu mazito huzaa kidogo. Kwa hiyo hata nyumba ya sola haiwezi kuishi bila betri nzuri iliyotunzwa.

NAMNA YA KUITUNZA

Tusimalize somo bila faida ya mkononi. Shikeni mambo matano.

Kwanza, betri ya risasi usiiache tupu kwa siku nyingi. Ikiwa tupu, mabamba yake hufunikwa na ukoko, na ukoko ukigumu betri haifufuki tena. Itumie, kisha ichaji upesi.

Pili, betri yenye vifuniko iongezwe maji safi ya betri tu, yasiyo na chumvi. Maji ya kisima huiharibu.

Tatu, betri ya risasi inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Usilete kibatari wala sigara karibu. Na asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo.

Nne, betri kavu ya kawaida usijaribu kuichaji, wala usiitupe motoni. Yaweza kupasuka.

Tano, risasi na kadimiamu ni sumu. Risasi huharibu akili za watoto wadogo. Usiivunje betri nzee nyumbani, wala usimwage asidi yake karibu na kisima au mto. Ipeleke kwa mnunuzi anayeipeleka kiwandani ikiwa nzima, maana risasi ya ndani huyeyushwa ikatengeneza betri mpya.

Na unapotaka kununua, usiulize bei tu. Jiulize maswali mawili: Kitu changu kinakula umeme kiasi gani? Na kisima changu kiko wapi? Asiye na mahali pa kuchaji, betri ya kuchaji kwake ni mzigo. Aliye na mahali pa kuchaji, kununua mawe makavu kila juma ni kumwaga fedha.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya betri kavu na betri ya kuchaji.
2. Kwa nini gari lenye injini ya mafuta bado linahitaji betri?
3. Hesabu: redio inatumia mawe sita. Mawe makavu ya volti 1.5 yatafanya volti ngapi? Mawe ya kuchaji ya volti 1.2 yatafanya ngapi?
4. Andika fedha ulizotumia mwezi uliopita kwa mawe, mafuta ya taa na kuchaji simu. Zijumlishe. Je, darasa lenu likichanga pamoja laweza kununua sola moja ya kuchajia?
5. Waulizeni wazee wa kijiji: redio ya kwanza ilifika kwenu mwaka gani, na nani aliileta? Andikeni majibu yao katika daftari. Hiyo nayo ni historia, na hakuna atakayeiandika msipoiandika ninyi.

Jibu la swali la tatu ni volti 9 na volti 7.2. Aliyekosa asione haya, arudie tena polepole.

Hapa ndipo mwisho wa somo letu, ndugu wanafunzi. Kwaherini, na mchaji betri zenu mapema, ili somo lijalo lisiwapite.